Salamu za Mzee wa Skramu

Mzee wa Skramu hakuwa na shingo. Kichwa chake kilianzia mabegani moja kwa moja, na akitaka kukutazama ubavuni ilimbidi ageuke mwili mzima, kama mtu anayehamisha kabati. Masikio yake yalikuwa yamevimba na kujikunja tangu ujana wake, kwa kusuguliwa na vichwa vya wanaume wengine, na watoto waliotumwa nyama kwenye bucha yake waliyakodolea macho mpaka wakasahau walichotumwa. Hakuudhika. Aliwaambia kwamba masikio hayo aliyasahau jikoni yakaungua, halafu akawapimia kile alichodhani mama zao wangetaka.

Jina lake tulilijua, ila hakuna aliyelitumia. Kitengela nzima ilimwita Mzee wa Skramu, hata watu ambao skramu hawajawahi kuiona. Kwa asiyejua, skramu ni pale katika raga ambapo wanaume wanane wa timu moja wanainama, wanashikana mikono na mabega, na kusukumana na wanane wa timu nyingine kugombea mpira uliowekwa katikati. Watatu wa mbele ndio wenye mzigo. Uzito wa wenzao walio nyuma, na uzito wa wapinzani wote, unakutana kwenye shingo zao. Hao watatu, na watano wanaowasukuma, wote huitwa fowadi, ndio aliokuwa akiwachagua na kuwafundisha pale chuoni kwetu. Kocha mkuu alikuwa kijana mwenye filimbi na miwani ya jua, na alishughulika na wale wanaokimbia. Mzee alisema wanaokimbia hawahitaji kocha, wanahitaji mbwa.

Mimi nafundisha upishi. Nilikabidhiwa ulezi wa timu ya raga kwa sababu walimu wanaume waliukimbia, na mkuu wa chuo alisema mwanamke wa kutoka Kakamega lazima awe na damu ya raga. Damu yenyewe sijaiona mpaka leo. Lakini Mzee nilikuwa nikimjua kabla ya hapo, maana nyama ya wanafunzi wangu ya mazoezi ya jikoni niliinunua kwake.

Kununua nyama kwake kulihitaji moyo. Ulikuwa unaweza kuonyesha kipande kwa kidole, yeye akakitazama, akakutazama wewe, akakitundika tena. "Hii hutaki," angesema. "Uko na wageni ama unapikia watu wa nyumba?" Ukisema wageni alikukatia mbavu bila kukuuliza tena. Ukisema watu wa nyumba alikukatia mbavu vilevile, huku akikusema kwamba watu wa nyumba ndio wanaokuzika. Niliwahi kumwambia mbele ya wateja kwamba duka la mtu mwenye adabu lilikuwa mlango wa pili. Akaniambia niende basi, na nikifika nimsalimie ng'ombe aliyekufa kwa uzee.

Kitu kimoja hakuuza kamwe, nacho ni shingo. Kila mzoga ulioletwa dukani alianza kwa kuikata shingo na kuitupia ndoo iliyokuwa chini ya meza, na jioni ndoo hiyo ilikwenda kwa mbwa wake. Watu wa Kitengela wanapenda nyama ya shingo kwa mchuzi. Walimwomba, naye akawajibu, "Imeisha," hali ndoo wanaiona. Hata mimi nilimwomba, maana nina somo zima la nyama za kuchemsha polepole na shingo ndiyo yenyewe. "Mwalimu," akaniambia, "wewe fundisha mguu. Shingo niachie mimi." Hakucheka aliposema hivyo, nami nikanunua mguu.

Sasa nieleze salamu zake, kwa sababu ndizo zilizomfanya awe yeye.

Kila siku ya mazoezi alisimama kwenye pengo la ua wa kayaba, pale wanapoingilia uwanjani, na hakuna fowadi aliyepita bila kumpa mkono. Alianza na wa kulia, kama watu wote. Aliushika, akasema, "Bana," na kijana akabana kwa nguvu zake zote. Halafu akautaka wa kushoto, jambo ambalo wazee wengine waliliona kuwa ni utovu wa heshima, na tena akasema, "Bana." Wakati anabanwa alitazama juu, mbali, kana kwamba anasikiliza mvua ikija kutoka upande wa Ngong. Kisha akatoa hukumu. Ilikuwa "Sawa," au ilikuwa "Nenda ukae." Aliyeambiwa akae alikaa wiki hiyo, na rufaa haikuwapo, si kwa kocha, si kwangu, si kwa mkuu wa chuo.

Wageni walidhani ni mzee anayependa kujipima nguvu na vijana. Hata mimi msimu wangu wa kwanza nilidhani hivyo, nikamcheka kimoyomoyo. Kisha kukatokea jambo la kapteni wa mwaka juzi, kijana mmoja wa Rongai mwenye maneno mengi na mabega mapana. Tulikuwa tunakaribia nusu fainali. Akatoa mkono, akabana, na Mzee akamwambia, "Nenda ukae." Kijana alilia. Alitukana. Baba yake alinipigia simu akanisomea haki za mtoto wake, na mimi nilimwambia ampeleke hospitali alete barua ya kumkanusha mzee. Alipelekwa. Barua haikuja. Walikuta mfupa wa shingo umeanza kukandamiza mshipa wa fahamu unaoshuka mkononi, na daktari akataka kujua ni nani aliyemtoa kwenye skramu mapema hivyo.

Baba wa watu alikuja Kitengela na mbuzi, akamfunga kwenye mlango wa bucha. Mzee alikataa kumchinja. Alisema zawadi hailiwi na aliyepewa akiwa bado ana hasira. Mbuzi akawa anazurura nyuma ya duka akila makaratasi mpaka siku moja akaibiwa, na Mzee akasema afadhali.

Kwa hiyo tuliziamini salamu zile. Hatukuwa na daktari wa timu, hatukuwa na mashine ya kupiga picha za mifupa, tulikuwa na mkono wa Mzee. Wazazi wakiniuliza kama mchezo huu ni salama, niliwaambia habari ya mkono huo, nao wakaondoka wametulia.

Salamu hizo alizipata wapi, alinionyesha mwenyewe, hakuniambia. Jumapili moja baada ya kanisa aliniomba nimsindikize Kiserian. Tulifika kwenye nyumba iliyo nyuma ya duka la vyakula vya mifugo, na barazani alikuwapo mwanamume wa umri wake, ameketi kwenye kiti cha magurudumu, blanketi magotini, mikono imelala juu ya blanketi kama vitu vilivyosahauliwa na mtu mwingine. Mzee akavua koti, akaomba maji ya moto, akaanza kumnyoa ndevu. Alimnyoa kwa upole ambao sikuwahi kumwona nao, akimwinua kidevu kwa kidole kimoja. Yule bwana alimtukana muda wote, matusi ya kirafiki, na Mzee akacheka mpaka ikabidi wembe usimame.

Walicheza pamoja zamani. Yule bwana alikuwa huka, ndiye wa katikati ya wale watatu wa mbele, na Mzee alikuwa kulia kwake.

"Huyu amekuambia?" bwana akaniuliza, povu la sabuni bado shavuni.

"Hajaniambia kitu."

"Asubuhi ya hiyo mechi nilishindwa kushika kikombe. Kikombe ya chai, Mwalimu. Nikamsalimia huyu, nikamwambia, 'Ona, mkono yangu imelala.' Wewe, ulisema nini?"

Mzee aliosha wembe kwenye beseni. "Nilisema ni baridi."

"Alisema ni baridi! Alinishika hii mkono, akaitingisha, akacheka. Tukaingia. Skramu ya kwanza ikaanguka." Akanigeukia kwa macho tu. "Lakini ananinyoa vizuri. Hiyo lazima niseme."

Tulikuwa tukirudi, tumeukaribia mji. Hapo ndipo Mzee aliposema maneno ambayo vijana wote wa chuo waliyajua, lakini sikuwahi kuyasikia kwa sauti ile: shingo haina spea.

Ungedhani basi kwamba mtu wa namna hiyo angekuwa mwoga wa skramu. La. Hapo ndipo aliponichanganya kabisa. Sheria inasema kwamba timu ikikosa mtu aliyefunzwa kusimama mbele, refa huamuru skramu zisiwe za kusukumana. Watu wanainama, wanashikana, mpira unatoka, basi, hakuna anayeumia. Mzee aliziita skramu za harusi, kwa sababu watu wanakumbatiana na hakuna anayekusudia kitu. Alizichukia kuliko kushindwa. Mtu huyohuyo aliyewapa mbwa shingo zote za Kitengela alikuwa tayari kusimama pembeni ya uwanja akinguruma, "Kaza! Meza hiyo uchungu! Bado!" mpaka mishipa ikamtoka. Nilimwuliza siku moja kama haoni kwamba anasema mambo mawili. Alinijibu kwamba mchinjaji anayeogopa kisu ndiye anayejikata. Niliona jibu halitoshi, na nikamwambia halitoshi. Akasema, "Basi nunua nyama uende."

Kanisani alikaa kiti cha mbele na kuimba besi iliyotikisa madirisha. Marefa aliwalaani kwa lugha mbili. Alisahau siku za kuzaliwa za watoto wake lakini alijua kila fowadi wetu analalia upande gani. Alikuwa mkali, mbishi, mwenye majivuno ya wazi, na ninakiri kwamba nilimpenda.

Sasa huu msimu. Tangu mwanzo haukunikalia vizuri.

Mvua ndefu zilikuja kwa fujo zikaondoka mapema, uwanja wetu wa udongo mweusi ukapasuka, na upepo wa nyanda za Athi ukawa unaleta vumbi kila alasiri. Makorongo, wale ndege wakubwa wa machinjioni, yalizoea kuja kutua juu ya milingoti ya goli, yakakaa pale yamekunja shingo, yakitazama mazoezi. Vijana waliyapigia makelele mwanzoni, baadaye wakayazoea. Mimi sikuyazoea.

Na mbele kwenyewe tulikuwa wepesi. Wawili waliosukuma kutoka nyuma kwa miaka mitatu walimaliza masomo wakaenda zao. Waliochukua nafasi zao walikuwa warefu, ndiyo, lakini miguu yao iliteleza ikabaki inachimba vumbi. Wa kushoto mbele alirudi likizo amenenepa kwa chipsi, anahema kabla ya kuinama. Katikati tulikuwa na Wafula, kapteni wetu, huka mwenye moyo wa simba ila mfupi mno, kiasi kwamba wenziwe walilazimika kujikunja kumfikia. Kulia mbele, namba tatu, ile nafasi ngumu kupita zote kwa sababu ndiyo inayosukumwa na wawili kwa mpigo, tulikuwa na Saitoti. Na wa kumbadili Saitoti hatukuwa naye. Akitoka yeye, ni skramu za harusi.

Mzee alinieleza hayo yote dukani kwake akiwa ananikatia nyama, na kila alipotaja jina alipiga shoka kwenye gogo. Mechi ya kwanza ilikuwa Kajiado, dhidi ya chuo ambacho mwaka uliopita kilituburuta kinyumenyume mpaka Wafula akapoteza kiatu. "Wengine ni wa kujazia," akasema. "Niko na mtu mmoja. Mmoja tu."

Huyo mmoja ni Saitoti, na Mzee mwenyewe ndiye aliyemtoa mji wa Bisil. Alikwenda sokoni kununua ng'ombe, akamkuta kijana amesimama katikati ya fahali anasoma simu, fahali mmoja anamsukuma mgongoni kwa kichwa, naye hasogei, anaendelea kusoma. Mzee akasahau ng'ombe. Alikwenda mpaka nyumbani kwao, akanywa chai ya maziwa, akamwahidi mama wa kijana kwamba atamrudisha vile alivyomchukua. Tangu hapo Saitoti alikuwa wa kwanza kusalimiwa pale kwenye ua. "Sopa," Mzee angemsalimia kwa Kimaasai, na Saitoti angeitikia, "Ipa," kisha mkono. Alikuwa kijana mkimya, mwenye tabasamu la upande mmoja, mtiifu hata kwa mambo ya kijinga. Na klabu moja ya Nairobi ilikuwa imetuma ujumbe kwamba watu wake watafika Kajiado kumwangalia. Habari hiyo ilimfanya asilale.

Nilianza kuona vitu. Jikoni kwangu, timu ilipokuja kula, Saitoti alibeba sahani kwa mkono wa kushoto, na wa kulia ukawa mfukoni. Siku nyingine sufuria ya uji ilimponyoka, akacheka, akasema sufuria ilikuwa na mafuta. Haikuwa na mafuta, niliiosha mwenyewe. Siku nyingine nilimkuta nje ya bweni anapigana na kifungo cha shati, ulimi umetoka kwa juhudi.

"Saitoti, mkono una nini?"

"Hakuna kitu, Madam. Nimelalia vibaya."

"Kila siku unalalia vibaya?"

"Godoro ya bweni, Madam. Wewe unaijua." Akatabasamu. "Niko fiti kabisa. Uliza Mzee, si ananisalimia kila siku?"

Nikamwuliza Mzee. Akaniambia bila kugeuka kwamba amemsalimia jana na leo, na yuko sawa.

"Nimemwona akiangusha sufuria."

"Mwalimu, nimesema yuko sawa."

Nitasema wazi nilivyofikiri: nilifikiri anadanganya. Nilifikiri anajua, na kwamba hamu ya kulipiza kisasi kwa wale wa Kajiado, na kuwaonyesha watu wa Nairobi kijana aliyemwokota mwenyewe, imemshinda. Nilikwenda uwanjani kumtazama anavyosalimia. Alikuwa amebadilika. Zamani alitazama mbali wakati anabanwa. Sasa aliwakazia macho usoni, mmoja baada ya mwingine, kama askari wa barabarani. "Sawa," akasema kwa Saitoti, na Saitoti akapita. Nilirudi nyumbani nina hasira na kitu kingine chini ya hasira, nacho kilikuwa hofu, nisikifiche.

Ijumaa, kesho yake ndiyo mechi, nilikwenda bucha alasiri. Sikwenda kununua. Nilikuwa nimeazimia kumwambia kwamba Saitoti hachezi mpaka nimpeleke hospitali, na kama yeye hatamwambia refa, nitamwambia mimi. Nilimkuta peke yake akichanja mbavu. Alikuwa mtu wa shoto, kisu kilikuwa mkono wa kushoto, wa kulia umekandamiza nyama. Nikaanza kusema na sikutua. Nilimtajia sufuria, kifungo, yule bwana wa Kiserian. Nilimtajia hata mama wa Bisil.

Alinisikiliza huku akikata. "Umemaliza?"

"Sijamaliza. Unajua kijana anaumwa, na unamwacha aingie."

"Sijui." Akainua macho. "Mwalimu, naapa mbele ya Mungu, huyo kijana sijasikia ubaya kwa mkono yake. Ningesikia, ningemkalisha. Hata kama ni yeye. Sana sana kama ni yeye."

Alisema hivyo kwa namna ambayo nilimwamini papo hapo, na sikujua nifanye nini na hasira yangu. Nikatazama chini. Damu ilikuwa imejaa kwenye ubao, imefika ukingoni, inadondoka. Mbavu za ng'ombe aliyechinjwa alfajiri hazitoi damu namna hiyo.

"Mzee, umejikata."

"Wapi?"

Akaweka kisu chini na kuutazama mkono wake wa kushoto, ule uliokuwa umeshika kisu. Akaugeuza huku na huku. Mkono wa kulia bado ulikuwa juu ya nyama, kidole gumba kimefunguka mpaka weupe unaonekana, na alikuwa bado ameukandamiza.

"Huo mwingine," nikasema.

Aliuinua, akautazama kwa muda kama mali ya mtu. Nilichukua kitambaa nikaufunga, nikakaza vizuri kabisa, na uso wake haukubadilika hata kidogo nilipokaza.

"Tangu lini?"

"Ilianza na vidole viwili. Mvua zikiwa hapa."

"Na umekuwa ukiwasalimia."

"Naangalia uso. Mtu akibana kabisa, uso inakaza. Taya inakaza. Huwezi kosa kuiona." Alikaa kwenye kreti, na kwa mara ya kwanza nikaona kwamba amezeeka. "Wangenitoa uwanjani, Mwalimu. Mimi nje ya hapo nitakuwa nani? Mtu wa kuuza matumbo?"

Msimu mzima wa maandalizi, fowadi wote walikuwa wamepita kwenye mkono usiosikia. Nilitaka kumpigia kelele na nilitaka kumshika bega. Sikufanya lolote kati ya hayo, maana alikuwa amesimama tena na kushika simu kwa mkono wa kushoto.

"Wafula? Leta hao wote hapa duka. Ndiyo, sasa hivi. Fowadi wote." Akakata simu. "Wewe ndiye utawasalimia. Mimi nitakaa pale nisiseme kitu. Ukisema mtu akae, atakaa. Tutacheza hiyo ya harusi, nitamwambia refa mimi mwenyewe."

"Mimi sijui kusalimia huko."

"Utajua," akasema.

Walikuja kwa miguu kutoka chuoni, wamevaa trakisuti za timu, wanasukumana mlangoni kwa utani. Utani uliisha walipoona kitambaa chenye damu na uso wa Mzee. Wakajipanga kati ya mizoga iliyotundikwa, kila mmoja akijikunja kupisha. Niliwaambia kwamba leo nasalimia mimi. Hawakuuliza kwa nini.

Wafula alinibana mpaka pete yangu ikanichimba kidoleni, kulia na kushoto. Sawa, nikasema. Yule wa chipsi alikuwa na viganja vyenye jasho, lakini alibana kama mlango. Sawa. Wale warefu, sawa na sawa. Nilianza kupumua. Nyuma yangu, kwenye kreti yake, niliisikia pumzi ya Mzee.

Saitoti alikuwa amewapisha wenzake wote. Alikuja wa mwisho, na tabasamu lake la upande mmoja, akatoa mkono wa kulia. Ulikuwa na joto. Ulikuwa mkubwa, ukaumeza wangu wote.

"Bana," nikamwambia.

Alinitazama machoni. Uso wake ukakaza: taya, paji, mshipa wa shingoni, vyote vikasimama sawasawa kama mtu anayeinua lori. Nikangoja. Kiganja chake kilikuwa kimelala ndani ya changu, kizito, kina joto, kimetulia.

"Bana, Saitoti."

"Si nimebana, Madam," akasema.